Sahani Zimening'inia, Mjomba

Bonde la Doani
4 Septemba 1992

Mjomba Salmin,

Tangu Nabii Suleimani aliyesemezana na chungu, Mungu hajaumba mtu aliyeelewana na wadudu kama mimi mpwa wako. Nasema bila kujisifu, maana kujisifu si tabia yangu. Ni siku tatu tu tangu gari la Bukhait likubebe na mguu wako uliofungwa vijiti, na tayari mizinga yote arobaini inanitambua kwa sauti. Nikipita, nyuki wananyamaza. Jana nilifungua mzinga bila moshi, bila kitambaa usoni, kifua wazi, nikawaambia, "Haya, sogeeni," wakasogea. Karama jirani yetu aliona kwa macho yake, akaangusha gilasi ya chai.

Nimesahau salamu. Asalaam aleikum. Mwalimu wangu wa darasa la sita, darasa ambalo sikulimaliza kwa sababu mwalimu mwenyewe alichoka, alisema salamu ndizo hutangulia. Lakini habari njema haina subira.

Mguu vipi? Waambie madaktari wa Mukalla waunge vizuri, usije ukarudi huku unachechemea kama mbuzi wa Karama. Msalimie dada Muzna binti yako, mwambie asikupikie samaki mkavu kila siku, utanuka na nyuki hawatakupokea.

Ulinileta huku nikupikie chai na kuosha masufuria. Sasa naona ulikuwa unaharibu mali. Usiwe na haraka ya kurudi, mzee. Msimu wa mkunazi tuachie wenyewe.

Mpwa wako,
Yislam, Sultani wa Nyuki wa Doani yote


Mukalla
11 Septemba 1992

Kwa Sultani,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipata mkononi mwa Bukhait, na Bukhait naye ana mdomo. Nilimwuliza, "Kijana wangu hajambo?" Akasema, "Hajambo, mzee, ila jicho la kushoto limekuwa bilingani, na mara ya mwisho nilimwacha amelala chali ndani ya hodhi la kunyweshea nyuki, pua tu iko nje." Muzna alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mimi sikucheka, mguu ulikuwa unauma. Nilicheka baadaye.

Sasa sikiliza, maana huko sina mtu mwingine. Usisimame mbele ya mlango wa mzinga, hiyo ni barabara yao. Pita ubavuni. Usiwapumulie. Usile kitunguu kabla ya kuwashika, na wewe najua unavyokula kitunguu. Moshi uwe wa samadi kavu ya ngamia, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi, si kama mtu anayechoma nyumba. Miguu ya vichanja vya mizinga isimame ndani ya makopo ya maji, chungu wasipande. Asubuhi nyigu wekundu wakija kuwinda mlangoni, wapige kwa ule ubapa wa kuti, na ukikosa pigo kimbia, hakuna aibu katika kukimbia nyigu. Kila siku weka sikio ubavuni mwa mzinga. Wakinguruma kama watu wanaosoma uradi, wazima. Wakilia kama mwanamke aliyefiwa, malkia amekufa.

Asali iliyomo sasa hivi si yetu. Ni akiba yao ya kuvukia ukame mpaka mkunazi utoe maua. Usikate hata sega moja.

Na sahani. Kwa sasa wape maji ya sukari kwenye zile sahani za bati kama nilivyokuonyesha. Lakini siku utakayoona ua la kwanza la mkunazi limefunguka, osha sahani zote, zitundike juu ya mti ulio mbele ya hema, matumbo yakitazama njia, kila apitaye azione. Kuanzia hapo hata chembe. Hivyo ndivyo bonde hili linavyofanya tangu babu wa babu zetu. Sisi hatuna karatasi wala muhuri, mwanangu. Tuna sahani na tuna kiapo. Mnunuzi huweka kopo la asali mbele yangu, nami naweka mkono juu yake naapa: tangu ua la kwanza hawakula sukari. Miaka thelathini na nane nimeapa, na sijawahi kuapia nisichokiona.

Mwaka huu macho yangu ni wewe. Moja ni bilingani, lakini lililobaki litatosha.

Mjomba wako,
Salmin


Bonde la Doani
25 Septemba 1992

Mjomba,

Bukhait ni muongo. Haikuwa bilingani, ilikuwa nyanya. Na hodhini nilikuwa naoga. Sultani haogi?

Ua la kwanza limefunguka juzi asubuhi! Mimi ndiye niliyeliona, kabla ya Karama, kabla ya bonde zima. Lilikuwa juu kabisa, dogo kama kucha ya mtoto, na nyuki mmoja tayari yumo ndani amejisahau. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Sahani zote arobaini nimeziosha kwa mchanga, nikapanda mti, nikazitundika. Miiba ya mkunazi imenichana kikoi, nyuma, mahali pabaya, dada Muzna asisome hapa. Upepo ukivuma zinagongana kama kengele za mbuzi. Karama alikuja akasimama chini, mikono nyuma, akazihesabu moja moja. Akasema, "Naam. Salmin kapata mtu." Mjomba, ilinibidi nitazame pembeni, lilikuwepo vumbi.

Habari nyingine: mtoto wa Karama ameoa wiki iliyopita. Unajua vijana wa huku walivyonifanya. Kila nikipita, "Oyaa, mpika chai! Mzee wako kakuachia birika?" Basi nilikwenda harusini na zawadi, sinia kubwa kichwani, nimefunika kitambaa. Nilipofunua, ngoma zilisimama. Wallahi zilisimama. Wale wale wa birika wakaniita Shekhe Yislam, wakalamba vidole mpaka viwiko. Zawadi gani? Nitakuambia ukipona, mgonjwa hapewi habari nzito.

Mpwa wako,
Shekhe Yislam, Mwenye Sahani


Mukalla
2 Oktoba 1992

Yislam,

Habari ya ua na ya sahani imenitibu kuliko sindano zao. Nimemsomea Muzna, nikawasomea majirani, nikamsomea na mume wa Muzna ambaye hajali.

Mimi nina habari ya kuchekesha. Wamenipima damu hapa, wakasema nina kisukari. Miaka yote hii nakataa kuwatilia wengine sukari, kumbe sukari imeniingia mimi. Muzna ameniapisha nisionje kitu kitamu, hata asali yangu mwenyewe, hata kwa ncha ya ulimi. Nimeapa, na wewe wanijua, nikishaapa yamekwisha. Kwa hiyo mwaka huu macho yangu wewe, ulimi wangu pia wewe.

Inua mizinga kwa nyuma uipime uzito. Ile sita ya safu ya mashariki, chini ya mwamba, ndiyo yenye nyuki wengi, ndiyo hutubebea msimu. Niambie ikoje.

Na ulikwenda harusini na zawadi gani? Usinijibu kwa mzaha.

Salmin


Bonde la Doani
8 Oktoba 1992

Mjomba mpenzi,

Pole kwa kisukari. Zawadi ilikuwa tende.

Nina swali. Si langu. Ni la rafiki yangu mmoja, humjui, anakaa mbali huko juu. Huyu rafiki alikata masega ya akiba kabla ya maua, kidogo, mizinga sita tu, kwa ajili ya heshima fulani ya ukoo. Sasa maua yametoka, lakini upepo wa moto umevuma siku tano mfululizo, nawe waujua upepo huu, maua yanakauka kabla hayajatoa utamu. Nyuki wa mizinga yake mingine wanavumilia. Wa ile sita wanatambaa chini mlangoni, hawana nguvu ya kuruka. Ukimweka mmoja kiganjani anatembea kama mzee, halafu anasimama, basi. Rafiki yangu anasema alikaa nao hapo chini, akawapumulia wapate joto, ingawa aliambiwa asiwapumulie.

Huyu rafiki afanye nini? Akiwapa sukari kijiko kimoja kimoja, si itakuwa kama dawa tu? Mgonjwa si hupewa dawa hata mwezi wa Ramadhani?

Nijibu upesi. Yeye ndiye mwenye haraka, si mimi.

Yislam


Mukalla
15 Oktoba 1992

Yislam mwanangu,

Mwambie rafiki yako ni mpumbavu.

Kisha mwambie nimemsamehe. Nami nilikuwa kijana, nami niliitwa mpika chai. Nilivunja mzinga wa baba yangu kumwonyesha msichana malkia. Msichana aliumwa shingoni akaolewa na mwingine. Ya harusi yamekwisha, asijitese.

Lakini sukari asiwape. Wala kijiko wala chembe. Wakifa sita, wamekufa sita. Nyuki nitanunua, nitaomba kwa Karama, makundi yatagawanyika masika yajayo. Nyuki huyu hajui mpaka wa mzinga, mwanangu, akila hapa hutapika kule, wakaibiana wao kwa wao, na kijiko chako kimoja kikaingia kwenye mizinga arobaini. Alikuwepo mtu bondeni hapa, jina lake silitaji, alitia sukari baada ya ua la kwanza na akatundika sahani kama kawaida. Ilipojulikana hakuna aliyempiga. Watu walikuwa wakimkaribisha chai, wakamkalisha vizuri, kisha mwenye nyumba huondoa kopo la asali mbele yake na kulifunika. Alivumilia miaka miwili akahama.

Rafiki yako awaache. Akilia alie. Kisha aje Mukalla nimpe chai mwenyewe, na kopo nitaliacha wazi.

Mjomba wako,
Salmin


Bonde la Doani
21 Oktoba 1992

Mjomba,

Rafiki yangu anakusalimu. Amesema amesikia.

Sisi huku mambo ni moto! Upepo umekatika, maua yamerudi, na nyuki wa safu ya mashariki wamefufuka, mizinga yote sita, wanaruka mpaka unaziba masikio. Siri yangu unaijua? Maji. Nyuki wa mwaka huu wanapenda maji ajabu. Kutwa wamo hodhini, wamejipanga juu ya kokoto kama watu msikitini siku ya Idi. Nalijaza asubuhi na adhuhuri, wakati Karama na wenzake wamelala. Hata nyuki wa Karama wanavuka njia kuja kunywa kwetu. Nimekuwa mwenyeji wa bonde.

Sahani zimetulia juu ya mti. Hata moja sijaigusa. Hilo naweza kukuapia hata leo: sahani hata moja sijaigusa.

Mpwa wako,
Yislam, Daktari wa Nyuki


Bonde la Doani
22 Novemba 1992

Mjomba,

Keti vizuri kwanza, usije ukavunja na mguu wa pili. Makopo sitini na mawili! Mwaka jana na wewe mwenyewe ukiwepo, na mikono yako ya miaka thelathini na nane, tulipata arobaini na tisa. Safu ya mashariki peke yake imetoa kumi na manane. Nimekata masega kama ulivyoniambia, thuluthi nimewaachia, nimeyapanga kwenye makopo ya duara, nimebana vifuniko, nimefuta nje. Nimeumwa mara kumi na moja tu na sikuingia hodhini.

Bukhait anayaleta yote leo, nimemwambia aendeshe kama amebeba bibi harusi. Wamekuja vijana wa bonde kutazama. Hakuna aliyetaja birika.

Mjomba, ukiyaona makopo yamepangwa hapo kwa Muzna, usifurahi sana. Nasema kwa ajili ya afya yako.

Yislam


Mukalla
30 Novemba 1992

Yislam,

Makopo yamefika salama, sitini na mawili, hata moja halikuvuja. Nimeyatazama siku nzima. Sikuonja, nimekwambia nimeapa. Nilifunua moja tu nikanusa, nikafunga upesi kama mtu anayechungulia kwa jirani. Lilinukia mkunazi. Muzna aliingia akanikuta nimeshika mfuniko, akanigombeza kama mtoto.

Mnunuzi wangu, yule mzee wa tangu zamani, anakuja Ijumaa tarehe kumi na moja baada ya sala, na wenziwe. Ninakwenda kukaa mbele yao na kuweka mkono juu ya kitu ambacho sikukiona. Umri wangu wote sijafanya hivyo. Kwa hiyo nataka kutoka kwako sentensi moja, uiandike kwa mkono wako, nitaikunja niiweke ndani ya kilemba wakati wa kuapa: "Mjomba, tangu ua la kwanza hawakula sukari." Hiyo tu. Pasiwe na mzaha, pasiwe na Sultani.

Na kama huwezi kuiandika, usiiandike. Nitawaambia wanunuzi kuwa mwaka huu Salmin alikuwa mgonjwa, hakuona, haapi. Tutaiuza kama asali ya kawaida, bei ya kawaida, na hakuna atakayetufunikia kopo. Sitakuuliza kwa nini.

Bukhait atasubiri jibu.

Mjomba wako


Bonde la Doani
3 Desemba 1992

Mjomba Salmin,

Barua yako imefika na Bukhait yuko hapa ananihimiza, anasema ana abiria. Mjomba, unauliza habari za sahani? Sahani zimening'inia tangu siku ile mpaka buibui wamezijengea nyumba. Kuna buibui mmoja mkubwa kwenye sahani ya tatu, ana familia. Ndege mdogo naye amejaribu kutaga kwenye ile yenye shimo. Nikitaka kuzishusha sasa itabidi niwapelekee hao wote notisi ya kuhama! Muulize Karama, anazihesabu kila Ijumaa. Muulize Bukhait, ameziona sasa hivi.

Wewe nenda ukakae na wazee wenzio, vaa kile kilemba cheupe. Asali ni asali. Salamu kwa dada Muzna.

Mpwa wako,
Yislam


Mukalla
13 Desemba 1992

Mwanangu Yislam,

Ile sentensi hukuiandika kama nilivyokuomba, ukaniandikia buibui. Nilisema, ndivyo alivyo, hawezi kusema kitu bila kukivisha kengele. Buibui hajengi kwenye sahani inayotumika. Nikaikunja barua hiyo hiyo nikaitia kilembani.

Wamekuja watano. Mzee akafunua kopo, akachukua kwa ncha ya kisu, akaonja. Akaonja tena. Akasema, "Salmin, mwaka huu nyepesi kidogo ulimini."

Nikamwambia, "Upepo wa moto ulipiga maua."

Akasema, "Huenda. Wewe ulikuwepo?"

Damu ilinipanda. Nikamwambia, "Sikuwepo. Alikuwepo mtoto wa dada yangu, naye ni macho yangu mawili." Nikaweka mkono juu ya kopo, nikaapa, kwa sauti, mpaka Muzna alisikia kutoka jikoni. Mzee akashuka kitini akanibusu kichwa, akaniomba radhi mbele ya wenziwe kwa kuuliza. Makopo yote yalichukuliwa magharibi ile. Mengine yanakwenda kwa wazazi na wagonjwa wao, unajua asali yetu watu huifanya dawa.

Pamoja na barua hii kuna kitambaa. Ndani yake mna kisu changu cha kukatia masega, chenye mpini wa pembe. Baba yangu alinipa siku niliyoapa mara ya kwanza. Mimi sina mtoto wa kiume. Msimu ujao utakaa kando yangu, na utaapa wewe.

Mjomba wako anayejivuna, Mungu amsamehe,
Salmin


Mukalla
2 Januari 1993

Yislam,

Ni mimi dada yako Muzna. Kimya chako ni cha nini? Bukhait ameleta jibu mara ngapi, "Hajaandika, hajaandika." Baba kila gari likipiga honi anauliza. Anasema labda umeoa. Sasa anatembea na mkongojo mpaka mlangoni, anasimama hapo kuwahadithia watu habari zako, na kila siku idadi ya makopo inaongezeka, wiki iliyopita yalikuwa themanini. Jana alimwambia mvulana wa maziwa kwamba wewe unasemezana na nyuki kama Nabii Suleimani. Nikajua kaipata wapi.

Kama umekasirishwa na kitu mwambie. Kama u mgonjwa, Bukhait atakuleta. Usimtese mzee.

Muzna


Bonde la Doani
9 Januari 1993

Mjomba Salmin,

Asalaam aleikum. Leo nimeanza na salamu.

Kisu nakirudisha kwa mkono wa Bukhait. Sikukifungua kitambaa. Nimekaa nacho siku zote hizi chini ya mto, na kulala juu yake ni kama kulala juu ya nyigu.

Yule rafiki wa mbali ulimjua tangu mstari wa kwanza, kwa hiyo sina haja ya kumwua hapa. Nilikata masega ya mizinga sita nikayapeleka harusini nipate kuitwa Shekhe. Ulinisamehe hilo, na mimi nikauchukua msamaha huo nikautia mfukoni kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Sukari niliitia hodhini. Sahani sikuzigusa, kweli, na nilijiona mjanja ajabu, nilicheka peke yangu. Magunia mawili yaliyobaki yaliisha yote. Nilianza siku ile ile niliyokuandikia swali, kabla wino haujakauka, maana walikuwa wanakufa mkononi mwangu na nilikuwa nimewaua mimi. Barua yako iliponifikia walikuwa wanaruka. Nikasema nitaacha kesho. Kesho nikakuta mizinga imekuwa mizito, na Karama akapita akaniinulia mkono, nikasema nitaacha kesho nyingine. Sukari ndiyo iliyokwisha, si mimi niliyeacha.

Na nyuki wa Karama walikunywa. Hilo ndilo lililonitoa kitandani. Karama alikuwa amefunga makopo yake, anangoja wanunuzi wake wiki hii, na alikuwa ameoga na kunyoa kwa ajili ya kuapa. Juzi nilipanda mti nikazishusha sahani zote, katikati ya asubuhi, watu wakiona. Akaja mbio. "We, una wazimu? Msimu haujaisha kwa wote!" Nikamwambia. Nilimwambia yote hapo chini ya mti nikiwa nimebeba sahani arobaini.

Aliuliza kitu kimoja tu. "Salmin ameshaapa?"

Nikasema ndiyo.

Mjomba, alikaa chini, kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe. Nilingoja anipige. Nilimwambia, "Ami Karama, nipige." Akasema, "Nikupige ili upone?" Akanyanyuka akaenda. Hataapa mwaka huu. Makopo yake ameyarudisha ndani ya hema, atauza kama asali ya kawaida. Jana asubuhi alinikaribisha chai, akanikalisha kwenye mkeka, akanimiminia mwenyewe. Kisha alinyoosha mkono akalivuta kopo la asali kwake, akalifunika. Hakufanya kwa hasira. Alifanya taratibu, kama mtu anayefunika chakula cha mtoto asiyekuwepo.

Nilijaribu kujitetea kwake kwa ajili yako. Nilisema wewe hukujua, aliyeapa bila kujua hana dhambi. Akasema, "Dhambi hana. Uso je?"

Nitakuja Mukalla na gari lijalo, kwa yule mzee mnunuzi, nitamwambia kwa mdomo wangu mbele ya wenziwe wale wale. Nyuki nimemwomba mtoto wa Karama awaangalie. Ukinifungia mlango nitalala kwa Bukhait. Yote haya, harusi, masega, hodhi, hata uongo wa tende, ni mambo ya mpumbavu anayejifunza, na wewe mwenyewe ulivunja mzinga wa baba yako. Nimejaribu siku nyingi kukuandikia barua inayoishia hapa. Ingekuwa barua nzuri.

Lakini barua yako ya tarehe thelathini ilinifikia siku nane kabla ya kiapo. Si kwamba sikuielewa. Niliisoma mara mbili. Ulinifungulia mlango mwenyewe, uliniambia nikishindwa nisiandike, hutauliza kwa nini. Bukhait hakuzima injini. Alisema, "Andika, mzee anangoja neno moja tu." Niliitazama ile sentensi yako, ina maneno saba, na nilijua siwezi kuyaandika hata moja, na nilijua nikinyamaza hutaapa, na nilijua pia kwamba nikikuchekesha kidogo tu, utaapa. Kalamu nilikuwa nayo. Nikaandika habari za buibui.

Yislam